Pepopunda: Kila Mfanyakazi Awe na Kinga Yake



Safari hii tumeamua kuzungumzia jambo ambalo mara nyingi halimo katika ajenda za mikutano ya matawi yetu. Tumezoea kudai mishahara, posho, likizo, nyumba na viatu vya kazi. Madai hayo ni ya haki na hatutayaacha. Lakini lipo dai jingine la gharama ndogo sana, ambalo likisahauliwa mfanyakazi anaweza kupoteza maisha kwa sababu ya msumari au mwiba wa mkonge. Dai hilo ni chanjo ya pepopunda.

Tuchukue mfano ambao kila mmoja wetu atautambua. Kibarua wa ujenzi anakanyaga msumari uliobaki katika ubao wa zamani. Anauchomoa, anafunga kitambaa, anarudi kazini kwa sababu hataki mnyapara amkate siku. Baada ya siku chache kidonda kimefunga na yeye amekwisha kukisahau. Siku ya nane au ya kumi anaamka asubuhi na kushindwa kufungua kinywa anywe chai. Shingo imekaza. Wenzake wanadhani amelala vibaya. Kabla ya siku nyingi kupita mgongo unapinda kama upinde, na kila kelele, hata mlango ukifungwa kwa nguvu, humshtua mwili mzima kwa maumivu makali. Akili yake ni timamu muda wote. Anajua yote yanayompata.

Jina la ugonjwa huu lina neno "pepo" ndani yake, na hata leo wapo wanaomkimbiza mgonjwa kwa mganga kwanza. Hatuwacheki. Mtu ambaye kidonda chake kimepona, na ambaye hana homa kubwa siku ya kwanza, kisha akakakamaa namna ile, anatisha. Lakini hapana pepo hapa. Pana sumu, na dawa ya sumu hiyo imejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja.

SUMU NDIYO INAYOUA

Pepopunda husababishwa na bakteria aitwaye Clostridium tetani. Makao yake ni udongo na kinyesi cha wanyama, hasa farasi, ng'ombe na kondoo. Mwaka 1884 Arthur Nicolaier wa Ujerumani aliwachoma wanyama kwa udongo wa kawaida wakapata pepopunda. Mwaka 1889 Shibasaburo Kitasato, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Berlin katika maabara ya Robert Koch, alifaulu kumtenga bakteria huyu peke yake.

Akiwa nje ya mwili, bakteria huyu hujifungia ndani ya ganda gumu kama mbegu. Mbegu hiyo hustahimili jua na ukame kwa miaka mingi, na kuchemsha maji kwa kawaida hakutoshi kuiua. Ndiyo maana hakuna serikali itakayoweza kuufuta ugonjwa huu duniani kama ndui ulivyofutwa. Udongo wa shamba, wa barabara na wa kiwanja cha ujenzi utaendelea kuwa nao.

Wengi husema kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Si kweli. Msumari mpya uliolala matopeni una hatari ile ile. Kinachohitajika ni uchafu wenye mbegu, na jeraha ambamo hewa haifiki vizuri. Tundu la msumari au la mwiba, nyama iliyopondwa na mashine, kidonda cha moto, hata tundu lililoachwa na funza kidoleni, yote hayo ni milango. Mbegu ikikosa hewa huamka, bakteria huzaana pale pale penye kidonda, na kuanza kutengeneza sumu.

Nguvu ya sumu hiyo ni vigumu kuiamini. Chukua gramu moja ya chumvi uigawe mafungu milioni moja. Chukua fungu moja uligawe tena mara tano. Kiasi hicho cha sumu ya pepopunda, ambacho jicho haliwezi kukiona, kinatosha kumwua mtu mzima asiye na kinga.

Sumu hupanda kwa kufuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye uti wa mgongo. Kila msuli wetu hupokea amri mbili: kaza na legea. Tunapokunja mkono, msuli mmoja hukaza na wa upande wa pili hulegea. Sumu hii huziba amri ya kulegea. Misuli yote hukaza kwa pamoja, ya taya, ya shingo, ya mgongo, na mwishowe ile ya kuvutia pumzi. Bila matibabu ya hospitali karibu wote wanaougua hufa, na hata penye mashine za kupumulia na wauguzi wa kutosha bado wengine hupotea.

ALIYEPONA HANA KINGA

Mtoto akiugua surua akapona, mwili wake huikumbuka surua, na kwa kawaida hamwugui tena. Damu yake imebeba kingamwili. Hawa ni kama askari waliofundishwa sura ya adui mmoja. Wakikutana naye tena humkamata papo hapo.

Katika pepopunda mambo hayaendi hivyo. Mtu anaweza kuugua, akalala hospitali majuma kadhaa, akapona, halafu akaugua tena mwaka mwingine kwa jeraha jingine. Sababu ni ule uchache wa sumu tuliousema. Kiasi kinachotosha kuua ni kidogo mno kuuamsha mwili utengeneze kingamwili. Ni kama mwizi mwenye ufunguo: huingia, huiba na kutoka bila mbwa kubweka.

Hivyo basi, tunawaomba wenzetu mnaofanya kazi katika hospitali mlikumbuke hili: mgonjwa wa pepopunda aliyepona naye anahitaji kuchanjwa kama mtu ambaye hajapata kuugua. Na wewe uliyekuwa na bahati ya kupona usijidanganye kwamba umekwisha kulipa deni lako.

KINGA YA KUAZIMA

Njia ya kwanza ya kuishinda sumu hii ilipatikana Berlin mwaka 1890. Kitasato na mwenzake Emil von Behring walimpa sungura sumu kwa namna ambayo mnyama hakufa bali alipata kinga. Kisha walichukua maji ya damu ya sungura yule, wakawadunga panya. Panya wale walipopewa sumu hawakudhurika. Kwa jaribio hilo walionyesha kwamba kinga imo ndani ya damu, na kwamba inaweza kuhamishwa kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Behring alifanya kazi hiyo hiyo juu ya dondakoo, ugonjwa mwingine wa sumu ya bakteria, na mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, ya kwanza kabisa kutolewa.

Kwa kuwa damu ya sungura ni kidogo, farasi ndio waliotumiwa kutengeneza dawa hiyo kwa wingi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914, askari walijeruhiwa katika mashamba ya Ufaransa na Ubelgiji yaliyojaa samadi, na pepopunda ikawaua wengi katika miezi ya mwanzo. Ilipoamriwa kwamba kila majeruhi adungwe maji ya damu ya farasi wenye kinga, ugonjwa ulipungua sana.

Lakini kinga hiyo ilikuwa ya kuazima. Mwili wa binadamu huziona kingamwili za farasi kuwa ngeni na kuzitupa nje katika majuma machache. Tena wengine walipata homa, vipele na maumivu ya viungo, na wachache walizimia. Tangu miaka ya 1960 kumekuwako kingamwili zinazotokana na damu ya binadamu waliochanjwa. Hizo ni salama zaidi na hukaa muda mrefu kidogo, lakini nazo huisha.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili. Kingamwili humkamata adui angali njiani. Huing'ang'ania sumu isiweze kushika mshipa wa fahamu. Sumu ikishaingia ndani ya mshipa, kingamwili haiwezi kuifuata huko. Ndiyo maana mgonjwa aliyekwisha kukaza taya hupewa kingamwili ili kuzuia ile sumu iliyobaki tu. Ile iliyokwisha kuingia lazima mwili uisubiri mpaka makali yake yaishe, na huchukua majuma mengi. Ndugu zetu, askari wa akiba wasioitwa mpaka nyumba imekwisha kuungua hawatauzima moto.

KINGA YA KUJITENGENEZEA

Katika miaka ya 1920 Gaston Ramon wa Taasisi ya Pasteur huko Ufaransa aligundua kwamba sumu ya bakteria ikitiwa formalini na kuwekwa penye joto kwa muda hupoteza makali yake bila kupoteza sura yake. Sumu hiyo iliyofishwa, iitwayo toksoidi, haiwezi kumdhuru mtu. Lakini mwili ukidungwa hiyo huiona kama adui kamili na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Na kwa kuwa haina makali, inaweza kutolewa kwa kiasi kikubwa cha kuuamsha mwili, jambo ambalo sumu yenyewe haiwezi kulifanya.

Chanjo ya pepopunda ndiyo hiyo. Haimwui bakteria. Mtu aliyechanjwa anaweza kuwa na mbegu za bakteria kidondani na asipate neno, kwa sababu sumu inapotoka tu hukuta askari wamepanga mstari.

Matokeo yalionekana katika Vita Kuu ya Pili. Jeshi la Marekani liliwachanja askari wake wote. Kati ya majeruhi zaidi ya milioni mbili na nusu waliolazwa hospitali, wagonjwa wa pepopunda walikuwa 12 tu. Hao walikuwa watu waliotambaa matopeni na kupigwa vyuma vya mabomu. Je, kibarua wa barabara na mkata miwa hawastahili kinga hiyo hiyo?

Sindano moja haitoshi. Sindano ya kwanza huufundisha mwili tu. Ya pili, baada ya majuma manne, ndiyo inayoleta kinga yenyewe. Mtu mzima ambaye hajapata kuchanjwa anahitaji sindano 5: ya pili majuma manne baada ya ya kwanza, ya tatu miezi 6 baadaye, ya nne mwaka mmoja baada ya hapo, na ya tano mwaka mmoja tena. Kila sindano huukumbusha mwili, na kingamwili huongezeka na kudumu zaidi. Sindano mbili hulinda kwa miaka kama mitatu hivi. Tano hulinda kwa miaka mingi.

MAMA HUMWACHIA MTOTO URITHI

Ipo kinga moja ya kuazima ambayo haina lawama. Mama mwenye kingamwili humpitishia mtoto aliye tumboni kupitia kondo la nyuma, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Mtoto huzaliwa akiwa na ulinzi tayari, mpaka afikie umri wa kuchanjwa mwenyewe.

Urithi huo ni mkubwa, kwa maana pepopunda ya watoto wachanga huingia kwenye kitovu, pale kinapokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa kinyesi cha ng'ombe, majivu au udongo. Mtoto hunyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha anashindwa kushika titi. Mwaka 1961 madaktari waliofanya kazi Papua New Guinea walitangaza kwamba akina mama waliochanjwa ipasavyo wakiwa wajawazito waliwakinga watoto wao, hata pale ambapo uzazi wenyewe ulikuwa wa kijijini.

Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watoto wachanga 787,000 walikufa kwa pepopunda duniani. Mwaka uliofuata mataifa yaliazimia kuikomesha. Kufikia mwaka 2018 makadirio yalikuwa yameshuka hadi vifo 25,000 hivi. Katika eneo letu, Burundi ilithibitishwa kuwa imefikia lengo mwaka 2009, Uganda mwaka 2011, Tanzania mwaka 2012, Kenya mwaka 2018, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2019. Lengo hilo maana yake ni kwamba katika kila wilaya ugonjwa haufikii mtoto mmoja kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Ni ushindi wa kujivunia, nao uliletwa na wakunga, wauguzi na wahudumu wa vijijini, wengi wao wanachama wa vyama vya wafanyakazi.

Mwaka 2014 nchini Kenya yalizuka mabishano makali, baadhi ya viongozi wa dini wakidai kwamba chanjo hii ilitiwa dawa ya kuzuia uzazi. Serikali ya Kenya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Sisi twasema hivi: mwanachama mwenye shaka asibezwe, aelezwe. Chanjo hii hupewa askari wanaume, watoto wachanga na wazee pia, na wanawake wa nchi nyingi wameipokea kwa miaka mingi na kuendelea kuzaa.

WANAUME TUMEBAKI NYUMA

Ushindi huo una upungufu wake. Mama huchanjwa anapokwenda kliniki akiwa mjamzito. Mtoto huchanjwa katika mpango wa chanjo za watoto ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1974. Mwanamume mtu mzima huchanjwa wapi? Hata yule aliyepata sindano tatu za utotoni, kinga yake imekwisha kufifia ikiwa hakupata nyingine za kuongezea.

Hayo yalionekana wazi wakati wanaume wengi walipotahiriwa katika mpango wa kuzuia Ukimwi. Baadhi yao, Uganda ikiwa mojawapo ya nchi hizo, walipata pepopunda baada ya kutahiriwa, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano wa wataalamu kulijadili jambo hilo. Yalionekana pia huko Aceh, Indonesia, baada ya gharika ya bahari ya Desemba 2004, ambapo zaidi ya watu 100 waliugua pepopunda katika muda mfupi kwa majeraha ya vifusi.

Katika magonjwa mengine, wengi wakichanjwa ugonjwa hukosa njia, na asiyechanjwa hunusurika kwa mgongo wa wenzake. Pepopunda haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Inatoka ardhini. Kiwanda kikiwa na wafanyakazi 500 na 499 wamechanjwa, yule mmoja aliyebaki hatari yake haikupungua hata chembe. Sisi wa vyama tumezoea kusema kwamba nguvu ya mmoja ni nguvu ya wote. Hapa kila mmoja lazima awe na kinga katika damu yake mwenyewe. Kazi ya chama ni kuhakikisha kwamba hakuna hata mmoja anayeachwa.

NI HAKI, SI HISANI

Shirika la Kazi Duniani limeiweka pepopunda katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi, iliyosahihishwa mwaka 2010. Mkataba wa shirika hilo namba 155 wa mwaka 1981, juu ya usalama na afya kazini, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Tangu Juni 2022 mkataba huo umehesabiwa miongoni mwa misingi ambayo kila nchi mwanachama inapaswa kuiheshimu, hata kama haijautia sahihi. Kwa hiyo mwajiri anayekata mshahara wa kibarua kulipia sindano anakwenda kinyume cha msingi huo.

Kadhalika zipo sheria za fidia, kama ile ya Kenya ya mwaka 2007 na ya Tanzania ya mwaka 2008. Lakini fidia hudaiwa kwa ushahidi. Mtu anayeugua siku ya kumi, kidonda kimekwisha kupona na hakikuandikwa popote, atathibitishaje kwamba aliumia kazini? Mjane wake atasema nini mbele ya ofisi? Jeraha dogo lisiloandikwa leo laweza kuwa kesi iliyopotea kesho.

MAMBO YA KUFANYA KATIKA TAWI

Tunapendekeza kila tawi lizungumzie mambo haya katika mkutano wake ujao:

1. Chanjo ya pepopunda iingizwe katika mkataba wa hali bora za kazi, kwa gharama ya mwajiri na wakati wa saa za kazi. Vibarua na wafanyakazi wa msimu wahesabiwe pia.

2. Kila mfanyakazi awe na kadi yenye tarehe za sindano zake. Akihama kazi ahame nayo.

3. Kila jeraha, hata la mwiba, lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, na liandikwe katika daftari la ajali siku hiyo hiyo. Lisipakwe udongo, majivu wala mafuta ya gari.

4. Mwenye jeraha la kuchomwa, la kupondwa au lenye uchafu apelekwe zahanati bila kungoja. Ikiwa hajachanjwa au hakumbuki, huko hupewa kingamwili za kuazima katika mkono mmoja na chanjo katika mkono mwingine. Ikiwa amechanjwa lakini miaka zaidi ya 5 imepita, hupewa sindano ya kuongezea.

5. Taya au shingo ikianza kukaza, hata kama hakuna kidonda kinachoonekana, ni safari ya hospitali moja kwa moja.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu huu ni mdogo na wa kuzibwa kwa sindano tano. Mjumbe wa tawi anayesoma ukurasa huu aanze na swali moja tu kesho asubuhi kabla ya kengele ya kazi: ni wangapi kati yetu wana kadi? Hesabu hiyo ndiyo dai lenyewe la kupeleka kwa mwajiri.